Shajara ya mradi: saga ya kibuyu na saga ya zizini

11 Januari 2025

Leo nimekizibua kibuyu. Nyanya alikiziba kwa gunzi la mahindi na jivu mwaka 2013, mwaka aliozaliwa binamu yangu wa mwisho, kwa hiyo tarehe haina ubishi. Ndani mna mbegu za saga, mboga ya majani: nyeusi, ndogo kama ulezi, zimejikunja kama konokono. Kwa Kidholuo ni dek, vitabuni ni mgagani, na ukifika soko la Ahero, karibu na Kisumu, ukasema saga utaonyeshwa bila kuulizwa tena.

Mradi huu ulianzia kwenye sentensi moja ya Nyanya. Mwaka jana, mwezi wa Agosti, tulikuwa tumesimama nyuma ya zizi la ng'ombe, mahali ambapo saga huota yenyewe bila kupandwa, akasema, "Dek ya siku hizi ina haraka, mwalimu. Ukigeuka tu, imechanua." Nilipokuwa mdogo kijito kilipita hapo nyuma na udongo ulibaki na unyevu hadi Agosti. Barabara ilipopanuliwa, mfereji ukaelekeza maji ya mvua upande wa pili. Siku hizi udongo mweusi wa nyanda zetu za Kano unaanza kupasuka nyufa hapo zizini tangu Juni.

Swali langu ni hili. Saga ya zizini inachanua mapema kwa sababu kila mmea unapata kiu na kuharakisha, au kwa sababu ni ukoo mwingine sasa, ukoo wa wenye haraka? Kiswahili kina methali kwa kila upande. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ukitazama mmea mmoja zizini huwezi kujua ni ipi inayosema kweli.

Nimepanda mbegu 200 za kibuyu, 60 za zizini nilizookota Agosti, na 60 za bustani ya Nyanya. Zote ziko kwenye mitungi ya mafuta ya kupikia ya lita 5 niliyoikata nusu, udongo mmoja, kivuli kimoja.

2 Februari

Za kibuyu zimeota 31 kati ya 200. Nilitegemea chache, miaka 12 si mchezo kwa mbegu iliyokaa ghalani. Za zizini na za bustani zimeota vizuri.

Niandike hapa kwa nini nahangaika na mbegu kuukuu. Nilisoma juu ya kazi iliyofanywa Kalifonia, Marekani, na mwanabiolojia Steven Franks na wenzake, waliyoichapisha mwaka 2007. Walikuwa na mbegu za haradali ya mwituni, Brassica rapa, zilizokusanywa mwaka 1997. Kisha kulikuwa na ukame wa miaka kadhaa, na mwaka 2004 wakakusanya nyingine mahali palepale. Wakazipanda za zamani na mpya pamoja, maji yaleyale, siku zilezile, mababu na vitukuu wakakua bega kwa bega. Vitukuu vilichanua mapema: kwa siku 1.9 katika eneo moja, siku 8.6 katika lingine. Kwa kuwa malezi yalikuwa sawa kabisa, tofauti hiyo haikuwa ya malezi. Ilikuwa kwenye damu, kama mmea ungekuwa na damu. Vizazi saba tu vilitosha.

Nikaona kwamba Nyanya, bila kukusudia, ana ghala kama lile.

Lakini sitahesabu maua ya kizazi hiki. Mbegu iliyozeeka huota ikiwa dhaifu, na udhaifu huo unaweza kuchelewesha ua hata kama urithi hauna habari. Pia mbegu hubeba akiba iliyopewa na mama yake, na mama aliyeishi kwenye udongo mnono huacha akiba nono. Kwa hiyo kizazi hiki cha kwanza ni cha kusawazisha mama. Wote wazae hapa kwangu, kwenye mitungi, ndipo nihesabu kwa watoto wao.

Bado kuna jambo lisilorekebishika. Mbegu 169 zilizokufa kibuyuni sizijui. Huenda waliosalia si mfano halali wa waliokuwamo.

9 Machi

Saga huweza kujichavusha, lakini nyuki wakipata nafasi huchanganya chavua ya huku na ya kule. Nikiacha wazi, mradi umekwisha. Nimekata chandarua kilichochakaa nikaviringishia kila kundi hema lake, na asubuhi napitisha chavua kwa brashi ndogo, ndani ya kundi moja tu. Kazi ya saa nzima. Wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wanaoishi jirani wamejitolea kunisaidia siku za shule.

Kundi la kibuyu sasa ni mimea 19. Mingine imelala kwa ugonjwa wa shina.

26 Aprili

Nimevuna maganda. Kila kundi bahasha yake, kila mama namba yake.

3 Mei

Nimepanda kizazi cha pili: mbegu 120, 40 kwa kila kundi. Mvua ipo. Matumaini yapo.

17 Mei

Sifuri.

Siyo chache, siyo dhaifu. Hakuna hata moja, katika makundi yote matatu. Nilikagua udongo, nikafukua baadhi, nikazikuta nzima na ngumu kama nilivyoziweka. Nilikwenda kwa Nyanya nimevunjika moyo.

"Ulizivuna lini?"

"Mwisho wa mwezi uliopita."

"Basi ulitaka nini? Dek mpya haioti. Lazima ilale kwanza. Mimi huiweka juu ya meko, naipanda mvua nyingine."

Ninafundisha baiolojia na nimewahi kuandika ubaoni maneno "usingizi wa mbegu" zaidi ya mara moja. Kwenye bahasha zangu sikuyakumbuka. Ile ya zizini ilikuwa imelala miezi mitano kabla sijaipanda Januari, ya kibuyu miaka 12. Hii mpya ilikuwa na siku saba.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima, na naona sasa kwamba si ajali iliyoingia kwenye mradi kutoka nje. Ni sifa ileile ninayoitafuta, ila imejificha mwanzoni mwa maisha badala ya katikati. Fikiria saga inayodondosha mbegu Julai. Manyunyu ya siku mbili yakipita kisha jua likarudi, mbegu iliyoamka haraka imekufa, na pamoja nayo imekufa tabia yake ya kuamka haraka. Aliyelala ndiye anayeonekana Septemba. Rudia hivyo kwa vizazi maelfu na utapata mmea unaozaa mbegu zinazokataa kuota hata ukizibembeleza kwa maji kila asubuhi.

Na haziamki zote pamoja. Hata ganda moja huwa na za kuamka mapema na za kuchelewa. Mwaka 1966 mwanabiolojia Dan Cohen alionyesha kwa hesabu kwa nini mimea ya msimu mmoja huko jangwani isioteshe mbegu zake zote kwa mkupuo. Vizazi havijumlishwi, vinazidishwa. Ukoo ukizaa mara 50 mwaka huu na mara 50 mwaka ujao, halafu mwaka wa tatu ukaotesha kila mbegu na mvua ikakatika, jibu ni sifuri, na miaka ile miwili ya neema haihesabiki tena. Ukoo uliobakiza sehemu udongoni hauvuni sana mwaka mzuri, lakini haujawahi kuzidishwa kwa sifuri.

Hili linanigusa kwa njia nyingine pia. Udongo wa zizini ni ghala. Saga iliyoota hapo mwaka jana haikutoka yote kwa mama wa mwaka juzi. Wengine ni watoto wa mama waliokufa misimu kadhaa nyuma, walioamka wamechelewa. Mbegu za kale zikiendelea kujichanganya na za sasa, mabadiliko hupunguzwa mwendo. Nilikuwa nimehesabu kana kwamba kila mwaka ni ngazi moja. Si hivyo.

Mradi unasubiri hadi Septemba. Bahasha ziko juu ya meko ya Nyanya.

18 Mei

Kwa nini nikae bure? Zizini saga imejaa. Nimefunga uzi wa sweta kwenye miche 60, kila mmoja na namba yake. Nitaandika siku kila mmoja unapofungua ua la kwanza, kisha nione ni yupi anayefikisha maganda makavu yenye mbegu. Kwenye mitungi natafuta matokeo ya uteuzi uliopita, yaani nani alizaa na nani alikufa bila kuzaa. Hapa nataka kuukuta ukiwa kazini.

29 Juni

Wiki ya pili ya Juni hatukupata tone, na nyuma ya zizi nyufa zimeanza.

Mbuzi walikula mimea minne, imebaki 56. Iliyochanua kabla ya 1 Juni ilikuwa 20, na 17 kati yake imekomaza mbegu. Iliyochanua katika siku 10 za kwanza za Juni ilikuwa 22, imekomaza 10. Iliyochelewa zaidi ya hapo, mimea 14, imekomaza miwili tu. Hii mingine ina maganda membamba, mepesi, ukiyabonyeza hayana kitu.

Nilisimama pale muda mrefu. Hakuna mmea uliotaka kitu. Hakuna uliojifunza. Ile 12 iliyochelewa haikupewa onyo wala nafasi ya pili. Ilikuwa mikubwa, ya majani mapana, mizuri kuliko yote kwa macho ya mpishi, na imekauka bila mrithi. Msimu ujao, wastani wa zizi utasogea kidogo upande wa wenye haraka, na mpita njia atasema saga imezoea ukame.

Neno hilo kuzoea linanisumbua darasani kila mwaka. Mtu huzoea. Ng'ombe huzoea. Ni jambo la kiumbe kimoja katika maisha yake, na linakwisha naye. Kilichotokea nyuma ya zizi ni kwamba waliobaki ndio waliokuwa hivyo tangu mwanzo. Nimeanza kuwaambia wanafunzi: usiniambie mmea umezoea, niambie nani amekufa bila kuzaa.

Dosari: sikuandika siku kila mche ulipoota. Inawezekana baadhi ya "waliochanua mapema" walichomoza mapema tu, wiki moja kabla ya wenzao. Basi ninachopima kingekuwa kuamka na si kuchanua. Mwakani nianze kufunga uzi kwenye mche wa siku ya kwanza.

6 Julai

Nikirudi kutoka sokoni nimepitia shamba la mtama la jirani. Kayongo, gugu la mtama, imechanua katikati ya mistari, maua ya zambarau-waridi yanayovutia kwa mbali, na mtama unaoizunguka umedumaa. Wageni huomba kuyapiga picha. Mwenye shamba hayatazami.

Nimesimama hapo nikifikiria gharama. Kayongo, Striga hermonthica, hujishika kwenye mizizi ya mtama na mahindi na kunyonya. Mmea mmoja huzaa makumi ya maelfu ya mbegu, laini kama vumbi, zinazoweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja. Kinachoziamsha ni kemikali zinazotolewa na mzizi wa mtama wenyewe, strigolaktoni. Na mtama hauzitoi kwa uzembe: udongo ukipungukiwa fosforasi, mzizi huzimwaga kuwaita kuvu wanaousaidia kuipata. Mwito wa rafiki ndio anaousikia mwizi.

Kuna mtama ambao jeni yake moja, LGS1, imepotea au haifanyi kazi, na mwito wake umebadilika. Mbegu za kayongo haziamki vizuri karibu nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliopitia mitama ya kienyeji ya Afrika, ulikuta aina hizo zikiwa nyingi zaidi kule ambako gugu hili limekithiri. Lakini hata huko hazijaenea kila shamba. Kama ni ngao nzuri hivyo, mbona mitama yote haijaivaa? Kwa sababu ngao ina uzito. Jeni hiyo ikikosekana mmea unalipia kwingine, na mahali pasipo na kayongo unalipia bure.

Hilo ndilo ninalopaswa kulikumbuka kwa saga. Kuchanua mapema si ubora. Mmea unaokimbilia ua una majani machache, na mmea wa majani machache una mbegu chache mvua ikiwa nyingi. Kijito kingerudi leo nyuma ya zizi, wale 17 wa haraka wangeshindwa na wale wa majani mapana. Mazingira ndiyo yanayopanga bei, na bei hubadilika.

(Jirani amesikia habari za kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari, njia ya sukuma-vuta ya kupambana na wadudu na magugu kwa kutumia mimea, iliyotoka kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kule Mbita. Nimemwahidi kumtafutia mbegu. Mizizi ya desmodiamu huiamsha kayongo na kuizuia isishike. Inaota, haipati wa kumnyonya, inakufa.)

20 Septemba

Zimetolewa juu ya meko, zimepandwa. Makundi matatu: kibuyu, zizi, bustani. Mitungi 20 kwa kila kundi, 10 inamwagiliwa kila siku, 10 kila siku ya tatu. Nimechanganya mitungi yote kwa kura ili kundi moja lisipate kona yenye jua zuri, na juu nimeweka paa la plastiki kwa kuwa mvua za vuli zinakaribia.

25 Septemba

Zimeota! Karibu zote. Nyanya amekuja kuziangalia mwenyewe, akainama juu ya mitungi na kusema, "Zimelala vya kutosha." Leo ndiyo siku ya 0.

9 Novemba

Ua la mwisho limefunguka siku tatu zilizopita. Nahesabu tangu siku ya 0, na natumia siku ambayo nusu ya mitungi ya kundi ilikuwa imechanua.

Waliomwagiliwa kila siku: zizi siku ya 33, kibuyu siku ya 37, bustani siku ya 40. Waliomwagiliwa kila siku ya tatu: zizi siku ya 30, kibuyu siku ya 34, bustani siku ya 37.

Kiu iliharakisha kila kundi kwa siku tatu. Hayo ni malezi. Lakini saga ya zizini ilitangulia saga ya kibuyu kwa siku nne, yenye maji na yenye kiu sawasawa, ikiwa imelelewa udongo mmoja na mama waliolelewa udongo mmoja. Siku hizo nne sijui niziite nini kama si urithi.

Kilichonishangaza ni bustani. Hawa wametoka kwenye kibuyu kilekile, Nyanya ana hakika. Wakati anakiziba alibakiza kiganja kimoja cha kupanda. Tangu hapo wamekwenda upande wa pili, wamechelewa kwa siku tatu. Nilimuuliza anachaguaje wa kuacha kwa mbegu.

"Anayechanua upesi namng'oa nampika. Yule anayenipa majani mpaka nachoka, huyo ndiye namwachia azae."

Hakuna aliyemwambia Nyanya kwamba anafanya uteuzi. Charles Darwin mwaka 1859 alianza hoja yake na wafugaji wa njiwa kabla hajafika porini, na leo naielewa sababu yake kuliko nilivyoielewa chuoni. Mita 30 zinatenganisha bustani na zizi. Upande mmoja ukavu unawaua wachelewaji. Upande mwingine mkono wa bibi wa miaka 79 unawaua wenye haraka. Ukoo mmoja umevutwa huku na kule, na kisu na jua vimeacha alama inayopimika kwa siku.

15 Novemba

Nimejaribu kuubomoa ushahidi wangu mwenyewe kabla mtu mwingine hajaubomoa.

Kwanza, mama wa kibuyu walikuwa 19 tu. Pili, bahati. Ukoo wa zizini huenda ulianzishwa na mimea mitatu minne iliyodondosha mbegu zikakanyagwa na ng'ombe, na kwa nasibu tu hiyo ilikuwa ya haraka. Idadi ikiwa ndogo, sifa huweza kusogea bila kusukumwa na chochote. Tatu, chavua: nyuki wa bustani na wa zizini ni walewale, na kama makundi yanachanganyika na bado yametofautiana, basi uteuzi ni mkali kuliko nilivyodhani, au mchanganyiko ni mdogo. Sijapima.

Kuhusu bahati kuna dawa. Bahati haina mwelekeo. Nikipata mazizi mengine matano yaliyokauka kama letu, na yote matano saga yake ikatangulia, nasibu haitatosha kuelezea. Nikipata mawili mbele, mawili nyuma, moja katikati, nitafuta niliyoandika tarehe 9.

Nimetembea jana na leo. Familia tatu upande wa Awasi zimekubali niokote mbegu, na mbili karibu na mto Nyando, ambako udongo unakaa na maji muda mrefu. Hizo mbili nazihitaji kama kinyume. Mama mmoja alicheka kwamba mwalimu mzima anaomba magugu, kisha akanionyesha mahali yanapostawi.

16 Novemba

Mbegu zilizobaki za kizazi cha kwanza nimezigawa mara mbili. Nusu ni ya kazi ya mwakani. Nusu imeingia kibuyuni: vibuyu vitatu vidogo, jivu juu, gunzi mdomoni, karatasi yenye neno na mwaka ndani na nyingine imefungwa nje. Nyanya aliniuliza vitafunguliwa lini. Nilimwambia 2037, kama tulivyofanya na hiki, miaka 12. Akavitazama, akasema nivitoe ghalani nivipeleke kwa binamu yule wa 2013, atakuwa mtu mzima, na paa la ghala linavuja.

Kazi zilizobaki kabla ya Desemba: kuhesabu maganda kwa kila mtungi, kupima upana wa jani la tano, kutafuta uzi wa rangi tano kwa mazizi mapya, na kumpelekea jirani desmodiamu.